Kidani cha Bibi Khadija na Masanduku Yetu

Ndugu msomaji, tukuulize neno moja nawe ujijibu peke yako, kwani hapana akusikiaye. Mama yako alipofariki, dhahabu yake ilikwenda wapi? Nani aliyelifungua sanduku lake, siku ya ngapi, na nani alikuwapo? Vilivyotolewa humo vilipimwa, au vilitazamwa tu kwa macho, watu wakatokwa na machozi, kisha vikafungwa kitambaani na kurejeshwa ndani, ufunguo ukabaki na mmoja?

Ikiwa jawabu yako ni nzuri, Mwenyezi Mungu akulipe kheri, na makala haya msomee jirani. Lakini kwa tunavyozijua nyumba zetu, wengi watainamisha vichwa.

Hapana mji wa Kiislamu katika pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, ambao majumba yake hayana tunu zilizowekwa. Kwa huyu ni mitali ya fedha, kwa yule ni majasi ya dhahabu, au kipini, au kidani, au kekee mbili zilizobaki katika nne. Kwengine utakuta mrashi na chetezo, au kasha la njumu, au kiti cha enzi, au sahani za Kichina ambazo katika nyumba za Lamu zilikuwa zikipangwa zidakani, au msahafu ulioandikwa kwa mkono huko Siyu, mji uliokuwa na waandishi wake wa kazi hiyo. Na kila kitu kina hadithi, na hadithi hizo takriban zote ni za mapenzi. Hiki babu alikuja nacho kutoka Maskati, jahazi ikashuka na kaskazi, na kabla hajenda kuwaamkia wazee wake alimvika bibi kwa mkono wake. Hiki bibi alikivua shingoni akampa babu akaweke rehani kwa sonara, apate mtaji wa duka, na babu alipopata jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kukikomboa. Hiki mama alivikwa usiku wa arusi yake, na hakukivua mpaka alipooshwa.

Hadithi hizi ni tamu wala hatuko hapa kuzitia doa. Kupendana kwa mume na mke ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, na Qur'ani imelitaja jambo hilo katika Suratur-Rum pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Mtoto anayekua akisikia jinsi babu yake alivyomtukuza bibi yake, huenda naye akajua kumtukuza mkewe. Laiti zingesimuliwa zaidi.

Shida ni kazi ambayo hadithi hizi zimepewa. Zimefanywa kufuli. Mzee akishafariki, anayekikalia kile kitu hasemi kuwa anakitaka, kwani kusema hivyo ni aibu. Atasema: Hiki hakigawiwi, ni ukumbusho wa wazee. Kisha ataisimulia ile hadithi, na sauti itamtetemeka, na wote waliopo watanyamaza, kwa sababu nani atakayethubutu kuuliza uzito wa kidani wakati khabari inayozungumzwa ni mapenzi ya mama na baba? Basi ndugu, sisi tunathubutu. Neno hilo, likitumiwa hivyo, ni wizi uliovaa kanzu.

Na usidhani kwamba tunasema haya kwa kuwa hatujui uzito wa ukumbusho. Hebu tumtazame aliyekuwa na moyo laini kuliko mioyo yetu sote, tuone yeye alifanyaje siku tunu ya mapenzi yake ilipowekwa mbele yake.

Bibi Khadija (R.A.) alipomuoza binti yake mkubwa, Bibi Zainab, alimuoza kwa Abul-Aas bin Rabii, mtoto wa dada yake mwenyewe, Bibi Hala. Usiku wa kuingia nyumbani alimpa binti yake kidani. Akafariki Bibi Khadija, miaka mitatu takriban kabla ya Hijra. Mtume (S.A.W.) akahamia Madina, na Bibi Zainab akabaki Makka kwa mumewe, ambaye alikuwa hajasilimu bado, na hukumu ya kuwatenga wanawake wa Kiislamu na waume washirikina ilikuwa bado kuteremka. Ikaja vita ya Badri, mwezi wa Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra, yaani 624, na Abul-Aas akatoka pamoja na Makureshi, akatekwa.

Watu wa Makka wakaleta fidia za mateka wao. Bibi Zainab naye akatuma mali kumkomboa mumewe, na katika mali hiyo alikitia kile kidani. Fikiri, dada yangu unayesoma, ni kitu gani alichokuwa akikitoa: zawadi ya mama yake aliyekwishakufa, ambacho hangekipata tena, akakitoa amkomboe mume aliye hai. Mtume (S.A.W.) alipokiona alikijua, na moyo wake ukamlainika sana sana. Hivyo ndivyo ilivyopokewa na Bibi Aisha (R.A.) mwenyewe, na Abu Daud ameitia katika kitabu chake.

Sasa msomaji, simama hapa, usipite mbio. Kidani kile kilikuwa cha mke aliyempenda miaka ishirini na tano, aliyemsadiki watu wote walipomkadhibisha. Yeye ndiye mjumbe wa Mwenyezi Mungu na ndiye mkuu wa jeshi. Lau angesema: Hiki ni cha Khadija, nitakiweka, nani angefungua mdomo? Hakukitia mfukoni. Wala hakusema: Kidani hiki kisihisabiwe, ni cha nyumba yetu. Aliwageukia Masahaba, ambao fidia ilikuwa ni haki yao, akawataka shauri: wakiona vyema kumwachia Zainab mateka wake na kumrejeshea kilicho chake, na wafanye. Wakasema ndiyo. Abul-Aas akaachiwa, akapewa sharti ya kumleta Bibi Zainab Madina, na kidani kikarejea kwa mwenyewe.

Ziko hukumu mbili katika kisa hiki ambazo zimetupotea. Ya kwanza ni kwamba kitu kilikuwa cha Zainab. Bibi Khadija alimpa akiwa hai, kwa mkono wake, na Zainab akakipokea akakivaa. Hivyo Bibi Khadija alipokufa kidani hakikuwa tena katika mali yake, na mapenzi makubwa ya mumewe hayakumpa yeye haki juu yake. Ya pili ni kwamba hata mbele ya machozi, mwenye haki huombwa ridhaa yake. Haki ya watu haikuyeyuka kwa kuwa kiongozi wao amehuzunika.

Na miaka minne baadaye ilitokea vivyo hivyo. Mwaka wa 6 msafara wa Abul-Aas ukatekwa njiani, akaingia Madina usiku akataka himaya kwa Bibi Zainab, naye akampa na akaitangaza msikitini wakati wa sala ya asubuhi. Mtume (S.A.W.) akawaambia waliochukua mali ile kwamba wakiirejesha atapenda, na wakikataa basi ni haki yao. Wakairejesha yote, hata kamba na kiriba. Abul-Aas akaipeleka Makka, akampa kila mtu chake, akauliza kama yuko anayemdai, walipojibu hapana ndipo akatamka shahada mbele yao. Hakutaka waseme kuwa amesilimu ili ale amana zao. Huyo ndiye mume ambaye Bibi Zainab alimtolea kidani cha mama yake, na kwa kweli alikuwa anastahiki.

Tena tazama jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkumbuka Bibi Khadija bila ya kuwa na kidani. Alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande, akawapelekea marafiki wa Khadija. Siku moja Bibi Hala, dada wa marehemu, alibisha hodi, naye akaisikia ile sauti inayofanana na hodi ya Khadija, akataharuki kwa furaha, hata Bibi Aisha akaona wivu. Na alipoletewa pambo la dhahabu lililotoka kwa Najashi, lenye jiwe la Kihabeshi, hakuliweka sandukuni. Alimwita mjukuu wake Umama, binti wa huyo huyo Zainab na Abul-Aas, akampa ajipambe. Ukumbusho wake ulikuwa ni nyama mikononi mwa wazee wa kike na pambo juu ya mwili wa mtoto.

Na sisi jee?

Sisi tunamwoza mwanamume wetu, na siku ya arusi mama mkwe anatoka na kidani cha ukoo, anamvika bibi arusi mbele ya wanawake wote. Vigelegele vinapigwa, hadithi inasimuliwa, kila mtu anasema fulani kavikwa dhahabu kiasi hiki. Hapana anayeuliza: hiki ni mahari, au ni zawadi, au ameazimwa? Kuuliza ni ukosefu wa adabu. Wanakaa miaka. Ikitokea talaka, au mume akafa, siku hiyo ndipo inapojulikana kwamba kidani ni cha ukoo na hakitoki ukooni. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, hata jeneza halijasahaulika, na mawifi wamekwisha kulishika sanduku. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa amewakataza waume kurejesha walichowapa wake zao hata kikiwa ni mrundo wa mali. Waume wamekatazwa, seuze mama wakwe na mawifi! Na ikiwa ni azima tangu mwanzo, basi ingesemwa siku ile ile mbele ya mashahidi, na lile pambo lisingetajwa katika sifa za arusi. Anayetaka sifa ya mtoaji na mali ya asiyetoa, huyo anataka mambo mawili yasiyokutana.

Turudi kwenye mirathi, ambako ndiko kwenye donda. Desturi yetu imejigawia mali kwa macho: dhahabu ya mama ni ya binti, nyumba na mashamba ni ya wana wa kiume. Wengi wanadhani hiyo ndiyo sharia. Siyo. Hapana aya wala hadithi iliyogawa mirathi kwa umbo la kitu. Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa imesema wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, katika kichache na katika kingi. Kipini ni kichache, nyumba ni kingi, na vyote vimo.

Chukua mfano. Mama amefariki, wazazi wake walikwisha tangulia, ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Ameacha mapambo ya gramu 160 za dhahabu, na maziko na madeni yamekwisha lipwa, wala hakuna wasia. Mume ana robo, nayo ni gramu 40. Zilizobaki ni 120: mwanamume ana 60 na kila binti ana 30. Hiyo ndiyo hisabu. Mabinti wakizichukua zote kwa kuwa dhahabu ni ya wanawake, wamekula gramu 100 zisizokuwa zao, na baba yao ni mmoja wa waliodhulumiwa. Na kaka akiikalia nyumba ya mama kwa kuwa nyumba ni ya wanaume, hisabu ni hiyo hiyo na dhulma ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyumba inazidi thamani na dada zake wanalipa kodi kwa watu. Wako wanaojituliza kwa kusema: wao wamechukua dhahabu, sisi tumechukua nyumba, tumetoka sawa. Jee, mmepima? Mmekubaliana huku kila mmoja akijua thamani ya anachokiacha? Kama ndivyo, hiyo ni sulhu na sharia inairuhusu. Kama sivyo, ni kunyang'anyana kwa zamu.

Atasema mmoja: Lakini mama aliusia. Alisema mara nyingi, kekee hizi ni za Fatma, mimi nikifa apewe Fatma. Tunajibu: Fatma ni mrithi, na Mtume (S.A.W.) amesema kwamba mrithi hana wasia, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha mpa fungu lake. Wasia huo hautimii ila warithi wengine waridhie baada ya kufa mama. Mama aliyetaka Fatma azipate angefanya alivyofanya Bibi Khadija, angemvika mwenyewe akiwa hai na mzima, na Fatma angetoka nazo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, zawadi haitimii mpaka ipokewe mkononi. Kusema “ni zako” na kitu kikarudi sandukuni kwa mama, hakukuhamisha kitu. Na huyo mama anapompa Fatma, asiwasahau ndugu zake, kwani Bashir alipotaka kumpa zawadi mwanawe Nuuman peke yake, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama amewapa na watoto wake wengine mfano wa hiyo, na alipojibu la, akakataa kuishuhudia.

Mwingine atasema: Dada zetu wamesamehe. Hili ndilo neno linalotuumiza zaidi, kwa kuwa tunajua linavyopatikana. Linapatikana siku ya khitma, mbele ya ami na wajomba na imamu wa mtaa, macho ya dada yamevimba kwa kilio. Anaulizwa: Wewe dada una neno lolote juu ya vitu vya mama? Atasema nini? Akisema nataka haki yangu, ataitwa mpenda mali ambaye hata udongo wa kaburi la mama haujakauka. Anasema: Nimesamehe. Amesamehe kitu gani? Hakukiona, hakupimiwa, hakuambiwa thamani yake. Mali ya Muislamu haihalaliki ila kwa moyo wake mwema, na haya si moyo mwema. Haya ni haya. Wanavyuoni wa Shafii wameandika wazi kwamba kilichochukuliwa kwa kumtahayarisha mtu ni sawa na kilichonyang'anywa.

Tena liko deni ambalo halitajwi kabisa, nalo limefichwa ndani ya hadithi ile tamu ya bibi aliyeivua dhahabu yake akampa babu mtaji. Katika nyumba ngapi babu hakukikomboa! Kidani kilibaki kwa sonara, duka likasimama, nyumba ikajengwa, na bibi akabaki na hadithi. Sisi wajukuu tunaisimulia kwa fahari, tazameni walivyokuwa wakipendana. Jee, alimpa au alimkopesha? Ikiwa alimpa kwa moyo wake, ni halali yake babu, na Qur'ani imesema hivyo katika mahari. Ikiwa alimkopesha, basi siku babu alipokufa, ile dhahabu ilikuwa ni deni juu ya mali yake, lilipwe kabla hata mtoto mmoja hajapewa senti. Bibi akafariki hakulipwa, deni likawa la warithi wake. Huenda fahari unayoisimulia ni dai ambalo marehemu wako analiulizwa hivi sasa. Waulize wazee waliobaki, kabla nao hawajaondoka.

Hatupendi kusema haya mbele ya watu wengine, lakini yasemwe. Kwetu Kenya, sheria ya mirathi ya serikali ilipitishwa 1972 ikaanza kutumika 1981, na Waislamu walisimama imara kuikataa, kwa kuwa mirathi yao imekwisha gawiwa na Mola wao. Walipaza sauti mpaka 1990 sheria ikabadilishwa, Waislamu wakatolewa humo wahukumiwe kwa sharia yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, nayo ikaziweka mahakama za Kadhi na ikataja mirathi katika kazi zake. Masheikh waliosimama katika jambo hilo Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na awahifadhi walio hai. Lakini tuulizane. Tuliililia sharia ya Mwenyezi Mungu mbele ya serikali, kisha tukarudi majumbani tukaifungia sandukuni pamoja na kidani? Dada akienda kwa Kadhi kudai gramu zake 30, ni ndugu zake hao hao waliopiga kelele ndio wa kwanza kumsusa. Wanasema ametutia aibu. Aibu imo kwa aliyemlazimisha kwenda.

Iko na khabari ya zaka, ambayo tutaipita kwa ufupi kwa kuwa watu waitafute kwa masheikh wao. Mapambo ambayo mwanamke anayavaa, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, hayana zaka. Lakini dhahabu iliyowekwa akiba tu, haivaliwi wala haikusudiwi kuvaliwa, ikifika mithqali 20, nazo ni kiasi cha gramu 85, na mwaka wa Kiislamu ukapita, ina zaka ya sehemu moja katika arubaini. Tunu iliyolala sandukuni miaka kumi kwa jina la ukumbusho, haikugawiwa na haikutolewa zaka, imekusanya madhambi mawili.

Wako vijana wanaotuambia: Mkivigawa vitu hivi mtavimaliza, vitauzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale, na mji utabaki mtupu. Nao wanatutajia kwamba Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Wana haki ya kuwa na khofu. Tumeona sahani zilivyotoweka zidakani na viti vya enzi vilivyopanda mashua. Lakini nani aliyeviuza? Si yule dada aliyenyimwa. Aliyeviuza ni yule mmoja aliyekuwa na ufunguo, akauza kwa siri, kwa kuwa kitu kisichohisabiwa hakina anayekiuliza. Kitu chenye wenyewe wanne wanaojua kuwa ni chao, hakitoki mlangoni kimyakimya. Na wenye kutaka kitu kisiuzwe wala kisigawiwe milele, mlango wa sharia uko wazi: mwenye mali akiwa hai na afya yake na akiweke wakfu, msahafu usomwe msikitini, kiti kikae madrasa. Huo ni ukumbusho ambao malaika wanauandika.

Na ukitaka kuachia wanao kitu ambacho hakina haja ya mizani, basi Mwana Kupona binti Mshamu alitangulia. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki 1856. Miaka miwili baadaye, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha, na ndani yake akamweleza alivyokaa na baba yake kwa wema. Kila nyumba ya pwani leo inaudai utenzi ule kuwa ni wake, na Mwana Hashima hakupunguziwa kitu. Khabari za mapenzi ya wazee wetu ndivyo zilivyo: wape watoto wote, wa kiume na wa kike, walioko hapa na walioko mbali, kila mmoja ataondoka nazo nzima. Dhahabu haiko hivyo.

Kwa hivyo, msomaji ambaye sanduku la mama bado liko chumbani kwako, usingoje mwezi. Waite ndugu zako na baba yako kama yuko hai. Mlete sonara mnayemwamini, apime kila kitu mbele yenu, aandike uzito na bei ya siku hiyo. Mwende kwa Kadhi au kwa sheikh ajuaye faraidh awatolee mafungu. Kile kidani ambacho kila mtu anakipenda hakuna haja ya kukikata. Anayekitaka akichukue katika fungu lake, na kikizidi fungu lake awalipe wenziwe kilichozidi, kwa taslimu au kwa muda watakaokubaliana na kuuandika. Kila mmoja akishajua idadi ya gramu zake, ndipo mwenye kutaka kusamehe asamehe. Na yule dada aliyeolewa Maskati, au aliyeko Jidda au London, ambaye kila mara husemwa kwamba yeye kajaaliwa hana haja, apigiwe simu kabla sanduku halijafunguliwa.